Kazi ya Mbwa: Asiyejua Aanzie Wapi?

Kila mwaka jarida hili hutuletea makala kuhusu udaktari, uanasheria na urubani. Leo naomba niwapeleke kwenye kazi ambayo nikiitaja darasani watu huangua kicheko: kazi ya kutunza na kufunza mbwa. Mimi ni mzaliwa wa Kiandutu, na swali langu ni hili: mtu asiye na ujuzi wowote, wala pesa za kununua mbwa wa kizungu, aanzie wapi?

Kwanza tukubaliane kwamba hii ni kazi. Kikosi cha mbwa cha Polisi wa Kenya kilianzishwa mwaka wa 1948. Huingii humo ati kwa sababu kwenu kuna mbwa. Unaandikishwa kwanza kuwa askari, kisha ndipo unachaguliwa na kufunzwa. Askari wa wanyamapori nao ni vivyo hivyo. Mnamo 2014 shirika la African Wildlife Foundation lilianza mpango wa kufunza mbwa wa kunusa pembe za ndovu na za faru, na mafunzo yakafanyiwa Usa River, karibu na Arusha. Baadhi ya askari waliopelekwa huko hawakuwa wamewahi kumshika mbwa hata kamba. Baadaye walirudi na mbwa wao kufanya kazi katika bandari ya Mombasa na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta.

Mbwa hao hufunzwaje? Hapa mimi nilistaajabu. Mbwa hupewa harufu, na akiitambua huketi chini, kisha hutupiwa mpira acheze. Basi! Pembe ya ndovu kwake haina thamani yoyote; yeye anatafuta mpira wake. Kwa hiyo mwalimu wa mbwa hahitaji kiboko. Anahitaji subira na kutoa zawadi papo hapo, kwa maana akichelewa kidogo mbwa hajui anasifiwa kwa lipi.

Sasa turudi mtaani. Kwa Kikuyu ndutu ni funza, na jina la Kiandutu limetoka hapo. Watu wengi hawajui kwamba funza huingia pia katika nyayo za mbwa, na mbwa akilala kwenye sakafu ya vumbi pamoja na watoto, funza hao hawachagui mguu. Anayeanza ana kazi tayari: aombe ruhusa kwa mwenye mbwa, akague nyayo, amwoshe, asafishe anapolala. Mimi hufanya hivyo Jumamosi kwa majirani watatu. Wawili hunilipa, wa tatu hunipa chai.

Kabla ya kumgusa, msome. Mkia unaotikisika si lazima uwe furaha. Tazama mwili mzima: akikakamaa, akilaza masikio nyuma, akilamba midomo na hakuna chakula, anakuambia usogee mbali. Usimkodolee macho wala usikimbie. Simama kiupande, mwache yeye aje akunuse. Hii ndiyo elimu ya kwanza, na haina karo. (Wenzetu Waislamu wana masharti yao kuhusu mate ya mbwa, tuyaheshimu, tusiwatanie.)

Jambo zito ni kichaa cha mbwa. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, kupona ni nadra mno. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo. Usipake chochote cha kienyeji. Mwaka wa 2014 Kenya ilitoa mpango wa kumaliza vifo vya ugonjwa huu ifikapo 2030, na wataalamu wasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukatika. Siku za chanjo huhitaji watu wa kushika mbwa na kuandika kadi. Nenda ofisi ya mifugo ujitolee. Mimi nilipojitolea kuandika kadi, nilijifunza mengi kuliko katika vitabu vyangu vyote vya baiolojia.

Mama yangu, ambaye huuza mboga Makongeni, aliniuliza, "Nimelipa karo ili uoshe mbwa?" Nikamjibu, "La, mama, ili niwatibu." Ziko taasisi za serikali za afya ya mifugo, ziitwazo AHITI, huko Kabete, Ndomba na Nyahururu, zinazotoa cheti. Anayepata alama za juu aweza kusomea udaktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, pale Kabete. Kwa hiyo usiidharau baiolojia na kemia. Asiyepata karo aweza kuanzia makampuni ya ulinzi yenye mbwa, au kwa wafugaji wa mbwa wa Thika na Ruiru. Jirani yetu mmoja alianza kwa kuzoa kinyesi mabandani, na sasa ndiye hulinda ghala usiku na mbwa wake. Kazi mbi si mchezo mwema.

Lakini wewe utakayeitwa kazini kesho, uliza jambo moja kabla ya kukubali. Wanaoshika mbwa kila siku hustahili kuchanjwa mapema, kabla ya kuumwa. Muulize tajiri wako chanjo hiyo nani atailipia, na akujibu kabla hujakabidhiwa kamba.