Somo: Mkimbizi Aliyekataliwa, na Kazi ya Jaji

Sisi wa Ufipa twalijua neno mkimbizi. Mwaka 1972 Warundi wengi waliyakimbia mauaji kwao, wakapewa mahali Katumba, kisha Mishamo, upande wa Mpanda, uliokuwa ndani ya mkoa wetu wa Rukwa mpaka mwaka 2012. Tena mwaka 1996 Wakongo wengi walivuka Ziwa Tanganyika. Hao walikuja kwa makundi. Lakini yuko ajaye peke yake, asemaye, “Wakuu wa nchi yangu wanitafuta kwa sababu ya siasa,” naye asisadikiwe. Je, shauri lake limekwisha?

1. Sheria. Mapatano ya Geneva ya mwaka 1951 yakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo uhai wake au uhuru wake umo hatarini kwa ajili ya dini, taifa, au mawazo yake ya siasa. Kwetu Tanzania, kwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, kamati ya serikali hulichunguza ombi na kumpa Waziri shauri lake.

2. Kazi ya jaji. Wengi hudhani Mahakama Kuu itaamua kama mtu yule ni mkimbizi au siye. Sivyo. Katika mapitio ya mahakama jaji haketi katika kiti cha Waziri. Yeye huuliza: Je, sheria ilifuatwa? Mtu alisikilizwa? Neno kubwa limeachwa bila kupimwa? Akiona kosa, huitangua amri, na shauri hurudi kwa mwenye kuamua, aliamue upya kwa haki.

3. Mfano. Mganda mmoja aliyetoka Kenya aliomba hifadhi Uingereza. Waziri wa huko alimkataa, akataka kumrudisha Kenya. Mwaka 1987 majaji wa Baraza la Malodi, mahakama ya juu ya nchi ile siku zile, waliitangua amri hiyo, maana Waziri hakuipima hatari ya mtu huyo kutolewa Kenya na kurudishwa Uganda, ijapokuwa palikuwa na ushuhuda kwamba wengine walikwisha kutendewa hivyo. Wakafundisha kwamba amri iwezayo kuutia uhai wa mtu hatarini yapasa kuchunguzwa kwa uangalifu mkuu kabisa. Lakini waombaji wengine watatu katika hukumu iyo hiyo walishindwa. Basi mtu asidhani kwamba kufika mbele ya jaji ni kushinda.

4. Yatupasayo. Katika Yoshua 20 mkimbizi husimama langoni pa mji, akawaeleza wazee habari zake, nao humsikiliza kwanza. Mgeni akifika kwako, mwalimu wa Kasanga au Kirando, usimfiche, wala usimtungie maneno; uongo mmoja huharibu ushuhuda wa kweli. Mpeleke upesi kwa wakuu. Akikataliwa, aitunze barua ya kukataliwa pamoja na tarehe yake, akamtafute mwanasheria bila kukawia, kwa kuwa siku za kulalamika ni chache.

Maswali ya kujadiliana:
Kwa nini jaji hulirudisha shauri badala ya kuliamua mwenyewe?
Kuna tofauti gani kati ya kumhurumia mgeni na kumsikiliza?
Katika usharika wetu, ni nani awezaye kumsaidia mgeni kuandika habari zake kwa lugha yake, bila kuongeza wala kupunguza?