Uvimbe Mkubwa Ubongoni: Jipange kwa Mionzi ya Awamu

Mgonjwa wa saratani ya matiti au mapafu akianza kuumwa kichwa kila alfajiri, kutapika, kulegea upande mmoja au kuanguka kifafa, usiseme amerogwa. Huenda saratani imesambaa hadi ubongoni, na hapo saa ni mali.

Uvimbe huo ukiwa mdogo, mionzi ya kulenga yaweza kuutibu kwa kikao kimoja. Mkubwa una hesabu nyingine. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 uliweka kikomo cha dozi ya kikao kimoja, kwa kipimo cha mionzi kiitwacho grei: grei 24 kwa uvimbe usiozidi sentimita 2, grei 18 kwa wa sentimita 2 hadi 3, na 15 kwa wa 3 hadi 4. Uvimbe ukikua, ubongo wenye afya unaouzunguka huguswa zaidi na waweza kuungua, madhara yakajitokeza miezi kadhaa baadaye. Kwa hiyo dozi hugawanywa, kwa mfano grei 9 mara tatu au grei 6 mara tano, ili sehemu zenye afya zipate kujikarabati.

Ukiwa Kambu, Kenya, fanya hivi:

1. Kusanya karatasi. Beba ripoti ya kinyama kilichopimwa, orodha ya dawa, na picha za MRI kwenye CD. Ripoti ya maandishi peke yake haitoshi kulenga mionzi.

2. Ulizia upasuaji kwanza. Uvimbe unaokandamiza ubongo huenda ukahitaji kutolewa, kisha mionzi ielekezwe palipobaki pengo.

3. Piga simu kabla ya kupanda gari. Kambu iko karibu katikati ya Nairobi na Mombasa. Upande wa Nairobi, hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ina mashine ya mionzi ya kulenga iitwayo CyberKnife. Coast General ya Mombasa ina kituo cha mionzi. Uliza: "Mnalenga uvimbe wenyewe, au mnamulika kichwa kizima?" Si kila mashine hufanya yote mawili.

4. Panga malazi na malipo. Vikao hufuatana kwa siku chache. Usimsafirishe mgonjwa kwenda na kurudi kila siku. Hakikisha bima ya afya ya SHA imeidhinisha awamu zote, wala si ya kwanza tu.

5. Mtoe hofu. Kwenye mionzi hakuna kisu. Atavalishwa barakoa ngumu iliyofinyangwa kwa uso wake ili kichwa kisicheze, na hatasikia mionzi ikipita.

6. Akiandikiwa dawa ya deksamethasoni, izingatie. Hupunguza uvimbe wa maji ubongoni. Anywe baada ya kula, na asiiache ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari. Mwenye kisukari apimwe sukari mara kwa mara. Aliyewahi kuanguka kifafa asiendeshe bodaboda.

Baada ya mionzi, kichwa kikiuma kupita kiasi, akilala usingizi usio wa kawaida au akianguka tena, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Na picha ikionyesha uvimbe umetanuka, msikate tamaa mapema: wakati mwingine ni athari ya mionzi, si saratani iliyorudi. Kwa kawaida MRI hurudiwa kila miezi miwili au mitatu. Tarehe ya ile ya kwanza ichukueni kabla hamjaondoka hospitalini.