Kabla Bili Haijafika: Ngazi za Tiba, Rufaa na Msamaha Tanzania Bara

Wagonjwa wengi hulijua dawati la ustawi wa jamii siku ya kuruhusiwa, bili ikiwa tayari mkononi na ndugu wamekwisha kupigiwa simu mpaka hawapokei tena. Siku hiyo afisa ustawi atakusikiliza, lakini hana barua ya mtaa wako, haijui kaya yako, na deni limeshaingia kwenye mfumo. Ungemwona siku ya kulazwa, angekuwa na muda wa kuuliza, kupiga simu kwa mtendaji na kuandika mapendekezo yake kabla gharama hazijapanda. Ndiyo maana tunaanza na yeye, zahanati itafuata. Tunazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar ina wizara yake na utaratibu wake.

MSAMAHA UNAVYOPATIKANA

Wananchi walianza kuchangia gharama za matibabu katika hospitali za umma mwaka 1993, na misamaha iliwekwa ili asiyeweza kulipa asiachwe nje. Wapo wanaosamehewa kwa hali zao: wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na wenye magonjwa kama kifua kikuu, ukoma na VVU. Kwa wazee, umri peke yake hautoshi. Serikali ya kijiji au mtaa huwatambua wasiojiweza, na halmashauri huwapa kitambulisho cha matibabu. Kama mzee wako hana, nenda ukaulize kwa mtendaji sasa, akiwa mzima.

Kundi la pili ni la watu wa umri wowote ambao wakati huo hawana kitu: kibarua aliyevunjika mguu, mama aliyeachwa na watoto, mgonjwa aliyeokotwa barabarani bila ndugu. Hawa hupewa msamaha wa muda, kwa ugonjwa huo na kwa safari hiyo, na wanapaswa kuthibitisha hali yao. Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtaa anayekufahamu, kisha mtendaji akuandikie barua yenye muhuri. Kama kaya yenu imo kwenye mpango wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), sema hivyo na ubebe kitambulisho cha mpango. Barua ipeleke kwa afisa ustawi. Usiipeleke dirisha la malipo, kwa kuwa mhasibu hana mamlaka ya kusamehe.

Afisa atakuuliza unaishi na nani, unapanga au umejenga, nani analipia watoto shule, kama una shamba au mifugo. Ni maswali yanayoudhi, hasa mtu mzima anapoulizwa habari za kuku wake huku foleni nzima inasikiliza. Una haki ya kuomba mzungumze faragha. Lakini jibu kweli: anaweza kupendekeza usamehewe zote, au ulipe sehemu, au ulipe kidogo kidogo, na mkweli husaidiwa haraka kuliko aliyeficha.

Kuna jambo la kusikitisha ambalo watu hawalijui. Mgonjwa akifariki na deni likabaki, Serikali imekwisha kukataza maiti kuzuiwa kwa sababu ya deni hilo. Ndugu huchukua mwili wakazike, na habari ya malipo huzungumzwa na uongozi wa hospitali.

Kazi ya afisa ustawi haiishii kwenye bili. Ndiye anayeshughulikia mtoto aliyetelekezwa wodini, mgonjwa asiye na pa kurudi, na mke aliyeletwa na majeraha ambayo majirani wote wanajua yametoka wapi. Baadhi ya hospitali zina kituo cha mkono kwa mkono, ambapo mganga, polisi wa dawati la jinsia na afisa ustawi wanapatikana sehemu moja, ili aliyeumizwa asirudie kusimulia kisa chake ofisi hadi ofisi. Kwa taarifa za ukatili dhidi ya mtoto, piga 116 bila malipo. Na mtu aliyejeruhiwa hutibiwa kwanza. Fomu ya polisi, PF3, inaweza kufuata.

ZAHANATI HADI MUHIMBILI

Zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya viko chini ya halmashauri, yaani upande wa Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI). Hospitali za rufaa za mikoa ziko chini ya Wizara ya Afya tangu zilipohamishiwa huko mwishoni mwa 2017. Juu yake zipo za kanda, zikiwemo Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi, ambazo mizizi yake ni ya kanisa ingawa zinafanya kazi bega kwa bega na Serikali. Kileleni ipo hospitali ya taifa, Muhimbili ya Dar es Salaam, na zipo taasisi za fani moja: MOI kwa mifupa na ubongo, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Ocean Road kwa saratani, Mirembe ya Dodoma kwa afya ya akili, Kibong'oto ya Kilimanjaro kwa kifua kikuu.

Tuseme mtoto wa kijiji kimoja cha Kilosa ameanguka kwenye mwembe na paja limevunjika. Zahanati watamtuliza maumivu, watafunga mguu usichezecheze na kumpa rufaa. Hospitali ya wilaya watapiga picha. Mfupa ukionekana unahitaji upasuaji usiofanyika pale, atapelekwa hospitali ya rufaa ya mkoa, Morogoro mjini, na ikishindikana huko ndipo inatajwa MOI. Wazazi wengi hutaka kupanda basi la Dar es Salaam siku ileile. Tunawaelewa. Ila akifika bila rufaa, vipimo vinaanza upya, gharama zake zinakuwa juu, na yule mwenye mfupa uliotoboa ngozi anamsubiri mtu ambaye angetibiwa Morogoro.

Karatasi ya rufaa isome kabla ya kuondoka. Iwe na jina na umri wa mgonjwa, tatizo, vipimo vilivyofanyika na majibu yake, dawa alizopewa na saa alizopewa, sababu ya kumhamisha, jina la aliyeandika na muhuri. Saa ya dawa watu huiona jambo dogo, lakini mjamzito mwenye kifafa cha mimba aliyechomwa sindano njiani anaweza kupewa dozi ya pili mapema mno kwa sababu tu haikuandikwa. Beba na picha za eksirei, usiziache nyumbani. Ukitibiwa huko juu, omba barua ya kurudi nayo chini, ili kliniki za kila mwezi uhudhurie karibu na nyumbani.

Dharura haisubiri karatasi. Anayetoka damu nyingi, aliyepoteza fahamu, mtoto anayedegedeka, apelekwe kituo chochote kilicho karibu. Kwa mjamzito, mzazi na mtoto mchanga upo mfumo wa m-mama: piga 115, wahudumu wa simu hutafuta gari la wagonjwa, na lisipokuwepo, dereva wa jamii aliyesajiliwa. Nauli hailipwi na familia.

KADI YA BIMA

Waajiriwa wa umma wanakatwa mshaharani kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), ulioanza kazi 2001. Kwa kaya za vijijini ulikuja Mfuko wa Afya ya Jamii, na ulipoboreshwa mwaka 2018 kaya ya watu hadi 6 ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka, ikatibiwa mpaka ngazi ya mkoa kwa kufuata rufaa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inabadilisha mpangilio huu, kwa hiyo kabla ya kulipia kadi yoyote uliza ofisi ya halmashauri mambo matatu: kitita kina huduma zipi, kinaishia ngazi gani, na kinaanza kutumika lini. La mwisho ndilo linalowaumiza watu, kwa sababu wengi hukimbilia kadi mgonjwa akiwa tayari kitandani.

UKIKWAMA

Umeambiwa dawa hakuna, ukanunue duka la jirani? Omba kwanza kumwona mganga mfawidhi. Dawa za Serikali zinazotoka Bohari ya Dawa huwa na alama ya GOT, na dawa yenye alama hiyo haipaswi kuuzwa dukani. Ukiiona, toa taarifa. Malipo yote yafanyike kwa namba ya malipo ya Serikali na upewe risiti, si mkononi mwa mtu.

Kila zahanati na kituo cha afya kina kamati yenye wajumbe wa kutoka kwa wananchi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha hutumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati hiyo ndiyo inayopitisha matumizi. Wajumbe ni majirani zako, basi waulize kwenye mkutano wa kijiji kiasi gani kiliingia robo hii na kilinunua nini. Lisipopata jibu, suala liende kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, au upige 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, ukitaja jina la kituo, tarehe na namba ya risiti yako.