Maharamia wakishakamatwa: jinsi nchi zinavyolinda bahari moja

Nairobi haina bahari, lakini inategemea bahari kila siku. Mchele wa Pakistan unaopimwa kwa kilo sokoni Kangemi, mitumba inayofunguliwa Toi, mafuta yanayojazwa kwenye matatu za Kawangware: vyote hivyo vilipita Kilindini kwanza, kisha vikapanda kuja jijini kwa lori, kwa reli au kwa bomba. Kutoka katikati ya jiji hadi gati la Mombasa ni takriban kilomita 480. Kutoka hapo hadi mahali meli ilikopakiwa shehena huenda ikawa ni mwendo wa majuma kadhaa, na sehemu kubwa ya mwendo huo hupita kwenye maji yasiyo ya nchi yoyote.

Somo hili linahusu ulinzi wa maji hayo. Wakazi wengi wamesikia kuhusu manowari za kigeni zilizokuja kuwafukuza maharamia wa pwani ya Somalia. Sehemu ambayo haisimuliwi sana ni ile inayofuata baada ya haramia kutiwa pingu: nani anamchukua, anashtakiwa wapi na kwa sheria gani. Sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu zaidi, na Kenya ilikuwa katikati yake.

Miaka mibaya

Serikali ya Somalia iliposambaratika mwaka wa 1991, pwani yenye urefu wa zaidi ya kilomita 3,000 ilibaki bila mlinzi. Meli za uvuvi kutoka mbali ziliingia na kuvua zilivyotaka. Baadhi ya wenyeji walichukua silaha wakisema wanalinda samaki wao. Malalamiko hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, lakini hayawezi kueleza yaliyotokea baadaye, kwa sababu punde si punde utekaji wa meli ukageuka kuwa biashara yenye wenye mtaji, wapatanishi na mgao wa faida.

Mwezi Juni 2005 meli ya Semlow, iliyokuwa imetoka Mombasa na mchele wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani kwa waathiriwa wa tsunami nchini Somalia, ilitekwa na kushikiliwa kwa takriban siku 100. Septemba 2008 ikawa zamu ya Faina, iliyokuwa ikielekea Mombasa na vifaru 33. Novemba mwaka huo meli kubwa ya mafuta ya Sirius Star ilitekwa kusini-mashariki mwa Mombasa, mbali sana na ufuo. Aprili 2009 maharamia waliivamia Maersk Alabama, nayo pia ikiwa njiani kuja Mombasa na chakula cha msaada ndani yake. Mwaka wa 2011 mashambulizi na majaribio yaliyohusishwa na maharamia wa Kisomali yalifika 237. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba kati ya Aprili 2005 na Desemba 2012 walilipwa vikombozi vya kati ya dola milioni 339 na milioni 413.

Mnunuzi wa kawaida hakulipa kikombozi, lakini gharama ilimfikia kwa njia nyingine. Kampuni za bima ziliipandisha hadhi bahari hii kuwa eneo la hatari. Wenye meli wakalipa bima zaidi, wakachoma mafuta zaidi ili kuongeza kasi au kuzunguka mbali, wengine wakaajiri walinzi wenye silaha. Hakuna mfanyabiashara anayebeba gharama kama hizo peke yake.

Maana ya uharamia

Kabla ya kuendelea ni vyema kuelewa mipaka ya baharini, kwa kuwa kila kitu kinategemea hapo. Kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka wa 1982, maili 12 za kwanza kutoka pwani ni sehemu ya nchi husika, na maili moja ya baharini ni mita 1,852. Kutoka hapo hadi maili 200 nchi ina haki ya samaki, mafuta na mali nyingine, lakini meli za wengine hupita kwa uhuru. Zaidi ya hapo ni bahari kuu, ambayo haina mwenyewe.

Uharamia, kwa maana ya mkataba huo, ni uvamizi unaofanywa nje ya zile maili 12, na watu wa chombo kimoja dhidi ya chombo kingine, kwa manufaa yao ya kibinafsi. Tendo lile lile likifanyika ndani ya maili 12 huitwa unyang'anyi wa kutumia silaha, na ni kazi ya nchi yenye maji hayo. Maneno “manufaa ya kibinafsi” nayo si pambo. Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023 wakitangaza sababu za kisiasa, ilikuwa vigumu kuyaingiza mashambulizi hayo katika maana hii, ingawa mabaharia waliyaogopa vile vile.

Haramia wa kweli ni adui wa kila mtu. Mkataba unairuhusu nchi yoyote kumkamata kwenye bahari kuu, na mahakama za nchi hiyo zinaweza kumhukumu. Zinaweza, lakini hazilazimiki. Hapo ndipo palipokuwa na mwanya.

Manowari zaja

Ufaransa ilianza kusindikiza meli za chakula cha msaada kwenda Somalia mwishoni mwa 2007. Juni 2008 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio nambari 1816 na kwa ridhaa ya serikali ya mpito ya Somalia, liliruhusu manowari za nchi nyingine kuwafuata maharamia hata ndani ya maji ya Somalia. Desemba 2008 Umoja wa Ulaya ulianzisha operesheni yake iitwayo Atalanta. Januari 2009 kikaundwa Kikosi Kazi cha 151 kilichoongozwa kwa zamu na nchi mbalimbali. NATO ilikuwa na operesheni yake hadi Desemba 2016. China, India, Urusi na Japani zilituma manowari zao pia, kila moja chini ya amri yake yenyewe.

Majeshi hayo hayakuwa na kamanda mmoja. Yalichofanya ni kukutana Bahrain mara kwa mara, kupanga nani anasindikiza meli lini, na kukubaliana juu ya njia moja ya kupita katika Ghuba ya Aden ili meli za biashara zisitawanyike. Ni nadra kuona NATO na China zikigawana ratiba.

Nchi za eneo hili nazo zilikutana Djibouti tarehe 29 Januari 2009, chini ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, IMO. Kenya, Tanzania, Somalia, Ethiopia na Ushelisheli zilikuwa miongoni mwa zilizotia saini siku ile. Ziliahidi kupashana habari, kukamata na kushtaki, na vituo vya kupokea taarifa vikawekwa Mombasa, Dar es Salaam na Sana'a. Januari 2017, mjini Jeddah, makubaliano hayo yalipanuliwa yakagusa biashara ya binadamu, magendo ya silaha na uvuvi haramu. Ethiopia haina pwani, lakini ilitia saini, kwa sababu mizigo yake pia hupita baharini.

Tatizo la pingu

Tarehe 3 Machi 2009 manowari ya Ujerumani iliyokuwa chini ya operesheni ya Umoja wa Ulaya iliwakamata wanaume tisa katika Ghuba ya Aden baada ya shambulio dhidi ya meli ya mizigo ya MV Courier. Wapelekwe wapi? Ujerumani ni mbali, na hakuna nchi ya Ulaya iliyotamani kesi hizo. Somalia haikuwa na mahakama wala magereza ya kuaminika. Katika visa vingi vya miaka ile washukiwa walinyang'anywa bunduki na ngazi zao, wakapewa maji na mafuta ya kuwafikisha nyumbani, wakaachiliwa. Baadhi yao walirudi baharini.

Siku tatu baadaye, tarehe 6 Machi, Kenya na Umoja wa Ulaya walibadilishana barua Nairobi. Kenya ilikubali kuwapokea na kuwashtaki washukiwa waliokamatwa na manowari za Ulaya, kwa masharti kwamba hawatateswa wala kunyongwa. Uingereza na Marekani zilikuwa tayari zimefikia maelewano yao na Kenya. Wale tisa walifikishwa mbele ya mahakama ya Mombasa tarehe 11 Machi, chini ya kifungu cha 69 cha Kanuni ya Adhabu.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka wa 2006 mahakama ya Mombasa iliwafunga miaka saba Wasomali 10 waliokamatwa na jeshi la wanamaji la Marekani. Lakini sasa mlango ulikuwa umefunguka wazi. Washukiwa walizidi 100. Mashahidi walikuwa mabaharia na wanajeshi wa kigeni ambao, siku ya kesi ikitajwa, wako katika bahari nyingine kabisa. Wakalimani walihitajika. Juni 2010 mahakama yenye ulinzi mkali ilifunguliwa Shimo la Tewa kwa msaada wa ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kupambana na dawa za kulevya na uhalifu. Hata hivyo serikali ya Kenya ilikwisha kulalamika kwamba nchi nyingine zinakamata na kumwachia yeye mzigo, na mwaka huo huo ikatoa notisi ya kusitisha makubaliano hayo. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki. Ukarimu wa kupokea washukiwa wa dunia nzima huku foleni ya kesi za wananchi ikizidi kurefuka una kikomo.

Kisha sheria yenyewe ikayumba. Tarehe 9 Novemba 2010 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliamua kwamba mahakama za Kenya hazikuwa na mamlaka ya kusikiliza kesi ya wale tisa, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu ilihusu makosa yaliyotendwa ndani ya Kenya na maji yake, na Ghuba ya Aden iko mbali mno. Kwa karibu miaka miwili juhudi yote ya kuwakamata ilining'inia kwenye swali hilo. Tarehe 18 Oktoba 2012 Mahakama ya Rufaa ilitengua uamuzi huo, ikasema uharamia ni kosa linaloweza kuhukumiwa na nchi yoyote. Kwa makosa ya baadaye utata ulikuwa umekwisha kupungua, kwani Sheria ya Usafiri wa Meli za Biashara ya mwaka wa 2009 ilieleza uharamia bayana na kuweka adhabu ya hadi kifungo cha maisha.

Mzigo ukaanza kugawanywa. Ushelisheli na Mauritius zilikubali kuendesha kesi, na baadhi ya waliohukumiwa wakapelekwa Somaliland na Puntland kumalizia vifungo karibu na jamaa zao.

Hali ilivyo sasa

Mashambulizi yalipungua kwa kasi baada ya 2011, ila hayakufa. Desemba 2023 meli ya Ruen ilitekwa, na maharamia wakaitumia kama kituo cha kushambulia nyingine. Machi 2024 jeshi la wanamaji la India liliikomboa, likawakamata watu 35, na safari hii halikutafuta nchi ya kuwapokea: liliwapeleka Mumbai, kwa sheria ya uharamia ambayo India ilikuwa imeitunga mwaka wa 2022. Mwezi huo huo MV Abdullah ya Bangladesh, iliyotoka Maputo na makaa ya mawe, ilitekwa na mabaharia wake 23 wakashikiliwa kwa mwezi mmoja.

Kazi ya kutazama bahari imegawanywa kati ya kituo cha Madagaska kinachokusanya taarifa na kituo cha Ushelisheli kinachoratibu operesheni. Kenya ilizindua Walinzi wa Pwani Novemba 2018, na Jeshi lake la Wanamaji hushiriki mazoezi ya pamoja. Aprili 2025 India na Tanzania ziliandaa zoezi kama hilo Dar es Salaam, na Kenya ikawa miongoni mwa nchi zilizokuwepo. Bado kuna mwiba: Kenya na Somalia hazikubaliani juu ya mpaka wao wa baharini. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa hukumu Oktoba 2021 na Kenya ikaikataa. Ni vigumu kupanga doria ya pamoja kwenye maji ambayo kila upande unayaita yake.

Nairobi inaingia wapi

Amri za Jeshi la Wanamaji hutoka Mtongwe, lakini makao makuu ya ulinzi yako Hurlingham. Karen kuna sekretarieti ya Kikosi cha Dharura cha Mashariki mwa Afrika, chenye nchi wanachama 10, pamoja na kituo cha kimataifa cha mafunzo ya kulinda amani. Mikataba ya nchi hushughulikiwa na wizara iliyoko Barabara ya Harambee.

Katika Ratiba ya Nne ya Katiba, ulinzi wa taifa, mambo ya nje na usafiri wa baharini ni kazi za serikali ya kitaifa. Kaunti zimepewa feri na bandari, isipokuwa usimamizi wa meli za kitaifa na kimataifa. Kwa hiyo mkazi wa Kileleshwa au Dagoretti mwenye hoja kuhusu mikataba ya bahari haipeleki kwa mwakilishi wa wadi, anaipeleka kwa mbunge wake: chini ya Sheria ya Uundaji na Uidhinishaji wa Mikataba ya mwaka wa 2012, Bunge la Taifa huijadili mikataba kabla ya kuidhinishwa, na wananchi hupewa nafasi ya kutoa maoni.

Kwa vilabu vya shule na vikundi vya mitaa, maswali ya kujadili ni haya. Boti ikivamia meli maili 9 kutoka Lamu, je, ni uharamia, na nani ana jukumu la kuikamata? Ikivamia maili 90? Na kama Kenya ingeombwa leo kuwapokea tena washukiwa waliokamatwa na manowari za kigeni, ingefaa idai nini kwanza?