Ukimwita Mtu Atazame, Umebeba Abiria: Ya Kufanya na Kutofanya kwenye Simuleta ya Ndege

Ukiwa peke yako mbele ya simuleta, fanya utakavyo. Pita katikati ya nguzo za Daraja la Kigamboni, tua juu ya paa la soko, pindua Boeing kichwa chini. Kompyuta ni yako na umeme umeulipia wewe. Lakini siku utakapomwambia mtu avute kiti atazame, au utakaporusha safari yako mubashara wengine waione, mambo yamebadilika. Umebeba abiria. Yanayofuata hapa hayana mjadala.

Andaa safari kabla mgeni hajabisha hodi. Luku iwe na yuniti, bando liwe la kutosha. Simuleta za siku hizi, kama Microsoft Flight Simulator iliyotoka Agosti 2020, hazihifadhi dunia nzima kwenye diski yako. Huvuta picha za setilaiti na za angani kutoka intaneti kadiri ndege inavyosonga, na bando likikata, mlima wenye mabonde na misitu hugeuka tope lililofinyangwa na mtoto. Pita njia yote siku moja kabla, picha zibaki kwenye kompyuta. Programu inayotaka kusasishwa isasishwe jana. Hakuna udhia kama kumwambia mgeni "subiri kidogo" huku asilimia zikitambaa kwenye skrini.

Usimpeleke mtu mahali ambapo wewe mwenyewe hujapasoma. Kila anayeanza hukimbilia Kilimanjaro, na karibu kila anayeanza huchagua Cessna 172, kwa kuwa ndiyo ndege aliyojifunzia. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895, zaidi ya futi 19,300. Cessna 172 huishiwa pumzi kwenye futi 14,000 hivi, kwa sababu injini yake ya pistoni inahitaji hewa nzito ambayo huko juu haipo. Nimemtazama kijana mmoja akiuzunguka mlima dakika arobaini kama nzi kwenye kioo cha dirisha, pua ya ndege juu, king'ora cha kupoteza mwendo kikilia, na wageni wake wanne wakiwa wameshahamia kwenye simu zao. Jedwali la ndege lilikuwa mbele yake siku zote. Hakulifungua.

Chukua Cessna Caravan. Ina injini ya turbini, hufika futi 25,000, na ni ndege ya aina hiyohiyo inayowapeleka watalii Seronera na Zanzibar kila siku. Tena mabawa yake yako juu, kwa hiyo dirishani abiria anaiona nchi, haoni bati. Na usithubutu kumpandisha mtu Airbus eti mkaone Serengeti. Kutoka futi 35,000 Serengeti ni mkeka.

Ruka asubuhi. Ukiwasha hali halisi ya hewa, Kilimanjaro mara nyingi huwa umeshajifunika shuka la mawingu kabla ya adhuhuri. Jua la mchana nalo huua vivuli, na bila vivuli bonde halionekani kuwa bonde. Saa za simuleta mara nyingi huandikwa kwa zulu, yaani saa za Greenwich, na hapo sisi tunaosema saa kwa Kiswahili tuna bahati wasiyo nayo wengine: toa tatu, basi. Zulu 4 ni saa 1 asubuhi. Zulu 13 ni saa 10 alasiri. Sijui kwa nini hesabu hii haifundishwi.

Usilaze ndege zaidi ya nyuzi 20, wala usizungushe kamera kama feni. Wewe umeshika usukani na mwili wako unajua zamu inakuja. Tumbo la aliyeketi pembeni halina habari.

Nyamaza kuhusu vifaa. Hakuna abiria aliyekuja kusikia bei ya kadi yako ya picha.

Sema la mahali. Nitoe mfano wa njia moja ninayoipenda: ondoka uwanja wa Arusha, elekea magharibi mpaka Ziwa Manyara, panda ukuta wa Bonde la Ufa, vuka Ngorongoro, kisha kata kaskazini mpaka Ol Doinyo Lengai na urudi. Kwa Caravan ni saa moja hivi. Mtu anaweza kuikaa saa hiyo nzima kimya akiona rangi tu, na mtu mwingine akashuka amebeba mengi. Tofauti ni wewe. Mwambie kuwa kreta ya Ngorongoro ina upana wa kilomita 19 hivi na kuta za mita 600. Mwambie kuwa ukingoni pake amezikwa Michael Grzimek, Mjerumani aliyekuwa akiwahesabu wanyama wa Serengeti na baba yake Bernhard kwa ndege iliyopakwa milia ya pundamilia, mpaka Januari 1959 ndege hiyo ilipogongana na tumbusi akafa. Baba alizikwa hapohapo miaka mingi baadaye. Mkifika Lengai, mlima wa Mungu wa Wamasai, mwambie kuwa lava yake ni nyeusi ikitoka na hugeuka nyeupe baada ya siku chache. Halafu unyamaze. Sentensi tatu kwa kila mlima zinatosha. Ukizidisha hapo, umekuwa redio.

Usibishane na mzaliwa wa mahali. Hili nimelijua kwa aibu. Mama mdogo wangu ni wa Machame, chini ya Kilimanjaro, amekaa Dar es Salaam miaka mingi, na jioni moja aliniomba nimpeleke kwao. Nikampeleka. Akatazama, akatazama tena.

"Mwanangu, hapa si kwetu."

"Ni kwenu, mama mdogo. Ramani inaonyesha."

"Migomba iko wapi?"

Kweli, programu ilikuwa imepanda misonobari kihamba kizima. Nami badala ya kukubali nikaanza kumsomea latitudo na longitudo, mtu aliyezaliwa pale! Programu hubahatisha. Huona kijani kwenye picha ikaotesha mti wowote iliyo nao. Huona paa ikajenga nyumba ya Ulaya. Mwaka 2020 mtaa mmoja tulivu wa Melbourne, Australia, uliotewa na mnara mwembamba wa ghorofa 212, kwa sababu mtu fulani alikosea tarakimu alipokuwa akijaza ramani huria ya mtandaoni. Kwa hiyo mwenye kwao akisema si hapa, si hapa. Mimi niliacha kusoma tarakimu, nikageuza ndege kaskazini. Kibo kikatokea dirishani na theluji yake, upande uleule anaoujua. "Haya," akasema, "sasa tumefika."

Na picha ya boma la mtu usiisambaze. Alikuonyesha wewe.

Usiigize ajali. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilianguka Ziwa Victoria karibu na Bukoba, wakafa watu 19. Miongoni mwa wanaokutazama anaweza kuwamo aliyezika. Kuna njia nyingine chungu nzima za kuingia Bukoba.

Mkiruka kwa kundi, mwendo ni wa aliye nyuma. Mkubaliane ndege, kimo na masafa ya redio kabla ya kuwasha injini. Mkiingia VATSIM, mtandao wa marubani na waongozaji wa simuleta, kumbukeni kuwa sauti ya mnarani ni ya mtu anayejitolea baada ya kazi zake, hivyo mumjibu kwa adabu, na masafa ya dharura, 121.5, si kijiwe cha kupigia soga.

Sema kuwa ni simuleta. Picha ya machweo juu ya Pemba ikiwa nzuri kiasi cha kumdanganya mtu, hapo ndipo inapohitaji maneno mawili chini yake. Kuziacha picha hizo zipite kama za kweli ni uongo, hata kama hujatamka neno.

Tua. Usifunge programu mkiwa futi 9,000 eti muda umekwisha na chakula kimeiva. Rudi Arusha, shuka taratibu, gusa lami, endesha mpaka maegeshoni, zima injini. Taa ya sebuleni iwashwe propela ikishasimama. Mama mdogo hainuki kitini kabla ya hapo. Mara ya mwisho aliufungua mkoba wake kwanza, akaniuliza nauli ni shilingi ngapi.