Somo la Toleo Hili: Mji Ulionyamaza Mchana Kweupe

Safari hii tunajifunza kwa njia ya filamu. Mwaka 1991 televisheni ya NBC ya Marekani ilionyesha filamu iitwayo In Broad Daylight, yaani "Mchana Kweupe". Ndani yake Brian Dennehy anaigiza mbabe anayeutia hofu mji mdogo wa wakulima, hadi wananchi wanapochoka. Majina ya wahusika yamebadilishwa, lakini msingi wake ni tukio la kweli. Nasi tutalifuata tukio lenyewe, kwa kuwa lina funzo kwa raia na kwa askari.

Kisa chenyewe

Skidmore ni mji mdogo katika jimbo la Missouri. Wakati huo ulikuwa na wakazi wapatao 440. Kwa miaka mingi mtu mmoja wa eneo hilo, Ken Rex McElroy, alituhumiwa kuiba mifugo na nafaka, kuchoma mali na kujeruhi watu. Alishtakiwa mara nyingi, na kila mara alitoka huru. Mbinu yake ilikuwa nyepesi: aliwaandama mashahidi, akaegesha gari mbele ya nyumba zao, akakaa humo akiwatazama. Mwenye watoto ndani hakuhitaji kuambiwa neno zaidi.

Mwaka 1980 ugomvi ulioanzia kwenye peremende za dukani uliishia kwa McElroy kumpiga risasi ya shingo mwenye duka, mzee wa miaka 70. Mzee alipona. Mwaka 1981 McElroy alitiwa hatiani na kuhukumiwa miaka 2, lakini akaachiwa kwa dhamana akisubiri rufaa. Haukupita muda akaonekana katika baa ya mji akiwa na bunduki, akimtishia mzee yule yule. Walioshuhudia walikuwa tayari kuyaeleza hayo mahakamani, kikao kikaahirishwa.

Asubuhi ya tarehe 10 Julai 1981, wananchi walikutana na mkuu wa polisi wa eneo lao. Aliwashauri wasikabiliane na mbabe huyo, bali waunde kikundi cha ulinzi wa ujirani. Kisha akapanda gari lake, akaondoka mjini. Muda mfupi baadaye McElroy alipigwa risasi akiwa ameketi ndani ya gari lake, mbele ya watu zaidi ya 30. Hakuna aliyeita gari la wagonjwa. Mkewe, aliyekuwa kando yake, alimtaja mtu mmoja. Wengine walisema hawakumwona aliyefyatua. Hakuna aliyepata kushtakiwa kwa mauaji hayo.

Mafunzo

Kwanza, ukimya ni ule ule. Ukimya uliomlinda mbabe miaka yote ndio uliowalinda waliomwua. Wapo watakaosema kwamba mji ule ulipata haki. Sisi hatukubali. Mahakama ilimhukumu miaka 2. Barabara ilimhukumu kifo. Na barabara ikishazoea kuhukumu, haichagui. Vijijini mwetu mtu huitwa mwizi, akafa kabla hajatokea wa kuuliza kuku aliyeibwa ni wa nani.

Pili, kidole kimoja hakivunji chawa. Mbabe anaweza kuegesha gari mbele ya nyumba moja. Mbele ya nyumba ishirini hawezi. Kwa hiyo walioona pamoja waende kituoni pamoja, wakifuatana na mwenyekiti wa kijiji ikibidi. Kumtishia shahidi ni kosa jingine linalojitegemea: liripotiwe siku hiyo hiyo, na tarehe, saa na maneno yaliyosemwa yaandikwe.

Tatu, nasi askari tujitazame. Ushauri uliotolewa asubuhi ile ulikuwa sahihi. Kilichokosekana ni mtoa ushauri kubaki. Mwananchi anapokuja kutoa maelezo, swali lililo moyoni mwake si sheria inasema nini. Anajiuliza ni nani atakayekuwa karibu na mlango wake usiku wa leo. Dhamana nayo ina masharti. Mshtakiwa anapoyavunja, taarifa iifikie mahakama upesi, kwa maana kila siku ya kuchelewa huwafundisha watu kwamba sheria haipo.

Maswali ya kujadili katika kikao cha polisi jamii

1. Je, katika mtaa wetu yuko mtu ambaye kila mmoja anamwogopa na hakuna aliyewahi kumripoti? Ni nini kinachotuzuia?

2. Shahidi akitishwa leo usiku, ampigie nani simu, na nani atafika kwanza?

3. Lau tungekuwa kwenye mkutano ule wa tarehe 10 Julai, kila mmoja wetu, raia na askari, angepaswa kufanya nini kabla ya kuondoka?

Tunawaomba viongozi wa kamati walisome somo hili kwa sauti kikaoni, na swali la pili lisiachwe bila jibu lenye jina la mtu na namba ya simu.