Mzigo Unaota Ukungu? Angalia Sakafu

Wauzaji wa mtandaoni mnaotunza mzigo nyumbani, hii inawahusu. Hasa mlio kwenye nyumba za zamani sehemu za baridi kama Njombe au Lushoto.

Viatu vinaota ukungu na paa halivuji? Angalia chini. Kama zege lilimwagwa bila nailoni chini yake, linanyonya maji ya ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta.

Usikimbilie vigae. Pima kwanza:

1. Kata nailoni nusu mita kwa nusu mita, ibandike sakafuni kwa selotepu pande zote.
2. Iache siku nzima.
3. Maji yakiwa chini ya nailoni, unyevu unatoka ardhini. Yakiwa juu, ni hewa ya chumba: fungua madirisha.

Unatoka ardhini? Anza nje: elekeza maji ya paa mbali na ukuta. Isipotosha, fundi amwage zege jipya juu ya nailoni nzito. Ila zege la sentimita 10 laweza kuchukua miezi 4 au zaidi kukauka kabisa, na kwenye baridi ndiyo linachelewa. Usirudishe mzigo mapema.

Kwa leo, panga mzigo juu ya mbao, usiguse ukuta. Mteja akifungua boksi likanuka ukungu, atadai hela yake, na wenzake atawaambia.